Je, jenomu nzima ya kloroplasti inaweza kututenganishia mizizi ya mtandamboo na ya msunguti?

MizizinaMajani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika maabara ndogo inayokagua malighafi za dawa za asili kabla hazijafungashwa. Miongoni mwa malighafi zinazotufikia mara kwa mara ni mizizi ya mtandamboo, yaani *Carissa edulis*, ambayo huletwa ikiwa imekatwa vipande au imekwisha kusagwa. Wateja huitia katika supu au huichemsha kwa ajili ya maumivu ya viungo na homa, na biashara yake ni ya mwaka mzima.

Tatizo letu ni jirani yake porini. Msunguti, yaani *Acokanthera schimperi*, huota katika vichaka vilevile vya nyanda kavu. Majani yake ni magumu, ya kijani kizito, na hukaa mawili mawili yakielekeana. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri. Matunda yake yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea kama ya mtandamboo, na ukiukata hutoa utomvu mweupe vilevile. Mchimbaji mzoefu hutazama miiba, kwa kuwa mtandamboo unayo na msunguti hauna, lakini mzizi ukishafika kwetu ndani ya gunia miiba imebaki porini. Nanyi mnafahamu kwamba msunguti ndio mti ambao jamii nyingi za Afrika Mashariki zilipika sumu ya mishale kutokana nao. Ouabaini iliyomo ndani yake huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli za moyo, kwa hiyo mchimbaji akikosea, mlaji anaweza kupoteza maisha.

Tumejaribu msimbopau wa DNA, yaani kuutambua mmea kwa kipande kifupi cha DNA yake, kwa jeni mbili zilizozoeleka, *rbcL* na *matK*. Jeni ya *matK* imekataa kabisa kuzalishwa kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kutoka kwenye unga. Ya *rbcL* imetupa kipande kifupi ambacho kinatuambia kwamba mmea huo ni wa jamaa ya Apocynaceae, jambo tulilolijua tangu mwanzo, kwa kuwa mimea yote miwili ni ya jamaa hiyo. Wakati huohuo nimekuwa nikisoma makala ambazo watafiti wake husoma jenomu nzima ya kloroplasti, yaani DNA yake yote, na kuifanya yote kuwa msimbopau mmoja mkubwa. Ninaomba kujua kama ni busara kwa maabara kama yetu kuachana na jeni moja moja na kuhamia huko, kama kazi hiyo inawezekana kwa unga wa mizizi, na kama inaweza pia kumaliza ubishi wa uainishaji, kwa sababu vitabu vingine huandika *Carissa edulis* na vingine *Carissa spinarum* kwa mmea ninaoamini kuwa ni uleule.

Mchambua Jenomu alijibu:

Ndugu MizizinaMajani, swali lako lina kazi mbili ambazo makala nyingi huzichanganya, nami nitaanza kwa kuzitenga. Ipo kazi ya kuujua mmea, yaani kuuweka mahali pake katika nasaba huku ukiwa na jani bichi mkononi na muda wa kutosha. Na ipo kazi ya kuamua kama gunia lililoletwa leo lipokelewe au lirudishwe. Jenomu nzima ya kloroplasti ni chombo cha kazi ya kwanza. Kazi ya pili hufaidika nayo, lakini kwa kupitia mlango mwingine ambao nitaueleza.

Kwa wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, kloroplasti, yaani sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, ina DNA yake yenyewe, mbali na ile iliyomo katika kiini. Katika mimea mingi itoayo maua, DNA hiyo ina urefu wa jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo 120,000 hadi 170,000, na kwa kawaida huchorwa kama duara lenye sehemu nne: eneo kubwa la nakala moja, eneo dogo la nakala moja, na baina yao nakala mbili za eneo lilelile zilizogeuziana mwelekeo. Jeni zilizomo ni kati ya 110 na 130 hivi. Jenomu mbili za kwanza kusomwa kwa ukamilifu zilichapishwa mwaka 1986 na makundi mawili ya wanasayansi wa Japani, moja ikiwa ya tumbaku na nyingine ya *Marchantia polymorpha*, mmea mdogo usiotoa maua unaotambaa penye unyevunyevu. Tangu hapo imedhihirika kwamba mpangilio wa jeni hizo hubadilika kidogo sana kutoka mmea hadi mmea, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwa kuwa unaweza kuilaza jenomu ya mtandamboo kando ya ile ya msunguti na kuzilinganisha besi kwa besi bila kupotea njia.

Sababu ya *rbcL* kukuangusha haimo katika mikono ya fundi wenu. Jeni hiyo hutengeneza sehemu ya kimeng'enya cha Rubisco, kinachonasa hewa ya ukaa, na mabadiliko mengi yanayoipata huuharibu mmea wenyewe, kwa hiyo hubadilika taratibu mno. Kwa kupanga jamaa kubwa za mimea, utaratibu huo ni neema. Mwaka 1993 kundi kubwa la wanabotania lilichapisha mti wa nasaba wa mimea itoayo mbegu kwa kulinganisha *rbcL* za mimea 499, na kazi hiyo ilisaidia kuufungua mlango wa uainishaji tunaoutumia sasa. Kwa kutenganisha spishi zinazokaribiana, hata hivyo, utaratibu huohuo ni kikwazo. Mwaka 2009, wanabotania wa kimataifa walipokubaliana kwamba *rbcL* na *matK* zitumike pamoja kama msimbopau wa mimea ya nchi kavu, wao wenyewe waliripoti kwamba jozi hiyo ilizitenganisha asilimia 72 tu ya spishi walizozijaribu, na zilizobaki iliishia kuziweka katika kundi la spishi zinazofanana. Wenye kutafuta jenomu nzima walianzia hapo: ikiwa besi elfu na kitu hazitoshi, na tusome zote laki moja na nusu.

Kuipata si kazi ngumu kama inavyodhaniwa, ilimradi una jani. Hulazimiki kuitenga kloroplasti kwanza. Unatoa DNA yote ya jani, unaisoma juujuu kwa mashine inayotoa vipande vifupi vya besi 150 hivi, kisha unaiachia programu kama GetOrganelle au NOVOPlasty iviokote vipande vya kloroplasti na kuviunganisha. Hesabu yake ni hii. Tuseme umesoma besi bilioni moja, na asilimia 5 ya DNA ya jani lako ni ya kloroplasti. Hizo ni besi milioni 50, na ukizigawa kwa jenomu yenye urefu wa 150,000 unaona kwamba kila mahali pamesomwa zaidi ya mara 300, ilhali jenomu ya kiini ya mmea huohuo, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, imesomwa mara chache tu. Utajiri huo unatokana na wingi wa nakala, maana seli moja ya jani hubeba mamia, wakati mwingine maelfu, ya nakala za jenomu ya kloroplasti.

Sasa tuje kwenye mizizi. Watu husahau kwamba mzizi nao una plastidi, yaani sehemu za seli za ukoo mmoja na kloroplasti, ingawa si za kijani, na plastidi hizo hubeba jenomu ileile. Tofauti ni kwamba nakala ni chache. Sehemu ya kloroplasti ikishuka hadi asilimia 1, hesabu yangu ya juu inashuka hadi mara 67 hivi, ambayo bado inafaa kabisa kwa DNA iliyo salama. Unga wenu, lakini, umekaushwa juani, umesagwa, umekaa ghalani, na DNA yake imekatikakatika. Hilo ndilo linalonieleza kwa nini *matK*, ambayo sehemu yake inayotumika kama msimbopau ina besi zinazokaribia 800, haikutoka. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa PCR, zinahitaji kipande kizima kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika unga wenu vipande vya urefu huo huenda ni vya kutafuta kwa tochi.

Ushauri wangu ni kwamba msisome jenomu nzima kutoka kwenye unga kama kipimo cha kila siku. Someni jenomu nzima kutoka kwenye majani ya mimea inayojulikana, mtandamboo kadhaa na misunguti kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, halafu mzilinganishe na kutafuta mahali ambapo mitandamboo yote inakubaliana, misunguti yote inakubaliana, na makundi hayo mawili yanahitilafiana. Tofauti hizo zitakuwa chache katika lile eneo lenye nakala mbili, ambalo hubadilika polepole kuliko sehemu nyingine, na zitakuwa nyingi katika maeneo ya nakala moja, hasa katika nafasi zilizo baina ya jeni na jeni, kama ile ya *trnH* na *psbA*, na ndani ya jeni ndefu ya *ycf1*. Chagueni mahali pawili au patatu, tungeni praima zitakazozalisha kipande kisichozidi besi 150, na hicho ndicho kitakuwa kipimo chenu cha ghalani. Watafiti wa Korea walifanya hivyo kwa ginsengi: jenomu ya kloroplasti ya *Panax ginseng*, yenye jozi za besi 156,318, ilichapishwa mwaka 2004, na baadaye jenomu za spishi mbalimbali za *Panax* zikalinganishwa na tofauti zake zikageuzwa kuwa vipimo vya PCR ambavyo maabara ya kawaida inaweza kuviendesha.

Niongeze jambo moja ambalo si la mtandamboo, lakini anayejifunza uainishaji atalifurahia. Wakati mwingine habari kubwa haimo katika besi iliyobadilika bali katika kile kilichopotea. Kundi moja kubwa ndani ya mikunde, ambamo mna njegere na *Glycyrrhiza glabra* ambayo mizizi yake mitamu hutiwa katika dawa za kikohozi, limepoteza nakala moja kati ya zile mbili zilizogeuziana, na upotevu huo ni alama ya ukoo wao wote. Katika jamaa ya msandali, ambayo mimea yake hunyonya sehemu ya riziki kutoka kwenye mizizi ya majirani, jeni za kundi la *ndh* zimepotea au zimeharibika katika spishi kadhaa zilizokwisha kusomwa.

Mfamasia wa Pwani alijibu:

Ninaunga mkono ushauri uliotangulia, ila ninaomba tusiiache kemia nje ya chumba. Swali la kwanza la mlaji ni kama kikombe chake kina sumu, na DNA haijibu swali hilo moja kwa moja. Inakuambia kwamba mmea fulani umo. Haikuambii ni kiasi gani cha ouabaini kimo, wala haikuambii chochote ikiwa bidhaa iliyo mezani ni maji yaliyochemshwa na kuchujwa au dondoo lililokamuliwa kwa alkoholi.

Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliziandikia kampuni nne kubwa za rejareja akidai kwamba virutubisho vingi vya mitishamba katika rafu zao havikuonyesha DNA ya mimea iliyotajwa kwenye vibandiko. Wataalamu wengi, wakiwemo wasioipenda biashara hiyo, walipinga namna kipimo kilivyotumika, kwa hoja kwamba dondoo lililosafishwa linaweza kuwa na kemikali zote za mmea bila kubakiwa na DNA inayosomeka. Kukosekana kwa DNA si ushahidi wa kukosekana kwa mmea. Kwa hiyo pimeni DNA katika mizizi na unga, na katika dawa ya maji pimeni ouabaini yenyewe kwa kromatografia, mbinu ya kuzitenganisha kemikali zilizochanganyika.

Kwa upande wa pili, wanaosema kwamba kemia peke yake inatosha wakumbuke yaliyotokea Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito walianza kuharibikiwa figo, na hatimaye waathirika wakapita mia moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahali pa *Stephania tetrandra* palikuwa pametiwa *Aristolochia fangchi*, mimea miwili ya jamaa tofauti kabisa ambayo katika biashara ya dawa za Kichina huuzwa kwa majina yanayokaribiana mno. Hakuna aliyekuwa akitafuta asidi ya aristolokiki, sumu iliyomo katika *Aristolochia*, kwa sababu hakuna aliyetarajia kuwa imo. Kemia hukuonyesha unachokitafuta. Usomaji wa DNA unaweza kukuonyesha mgeni ambaye hukumwalika, na *Stephania* na *Aristolochia* zingetenganishwa hata na ile *rbcL* tunayoilaumu hapa.

Mtunza Vielelezo alijibu:

Mimi natoka upande wa mimea mikavu, na nina hofu moja kubwa kuhusu mpango huu. Jenomu yenye besi laki moja na nusu, iliyosomwa mara 300 kila mahali, haina thamani yoyote ikiwa jani lililotolewa DNA halikutambuliwa sawasawa. Katika hifadhi za mifuatano ya DNA zilizo wazi kwa wote mna mifuatano iliyoandikwa majina yasiyo yake, na kosa hilo huzaliana, kwa kuwa anayekuja nyuma hulinganisha mmea wake na ule uliokosewa, akapokea jina lilelile, kisha naye akachapisha.

Kwa hiyo, kwa kila mmea mtakaousoma, bandikeni kielelezo. Tawi lenye maua au matunda, lenye jozi za majani zinazoonekana juu na chini, na kwa mtandamboo lenye miiba yake, likaushwe kwa kubanwa katikati ya magazeti, liandikiwe mahali, mwinuko, tarehe, jina la wenyeji na rangi ya ua likiwa bichi, maana rangi hupotea, kisha namba ya kielelezo hicho iandikwe pamoja na jenomu popote itakapochapishwa. Majani ya kutolea DNA yatiwe palepale katika mfuko wenye chembe za silika jeli, zinazonyonya unyevu. Chagueni machanga. Nimeona sampuli nzuri zikiharibika kwa sababu zilifungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuachwa ndani ya gari.

Si lazima kila jani litoke porini. Vielelezo vya miongo mingi iliyopita navyo husomeka, kwa sababu kusoma juujuu hakudai vipande virefu, na katika jani kavu nakala za kloroplasti bado ni nyingi. Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina vielelezo vinavyokaribia milioni moja, na humo mnaweza kukuta mtandamboo na msunguti kutoka wilaya ambazo hamtafika. Ombeni ruhusa kwanza, kwa barua, mkieleza ukubwa wa kipande mnachotaka kukata. Mtunzaji akikukuta ukichuna jani bila ruhusa hatakusamehe, nami nitakuwa upande wake.

Kuhusu *edulis* na *spinarum*, umeamini sawa. Wanabotania wengi wa sasa huiingiza *Carissa edulis* ndani ya *Carissa spinarum*, wakiihesabu kuwa spishi moja inayobadilikabadilika sana na kuenea kutoka Afrika, kupitia Asia, hadi Australia. Ukitazama vielelezo vya pande zote hizo utaelewa kwa nini, kwani manyoya ya majani, urefu wa ua na ukubwa wa tunda hupishana hatua kwa hatua bila mpaka unaoeleweka. Ila msisahau kwamba huku kwetu mna spishi nyingine za *Carissa*, kama *Carissa tetramera* ya ukanda wa pwani. Mkipima mtandamboo mmoja wa Dodoma na msunguti mmoja wa Arusha na kutangaza kwamba mmepata tofauti baina ya jenasi, huenda mmepata tofauti baina ya Dodoma na Arusha.

MizizinaMajani aliandika tena:

Ninawashukuru nyote, na Mtunza Vielelezo pokea shikamoo yangu. Nimeelewa kwamba tusome majani, tutengeneze kipimo kifupi, na unga ubaki kwa kipimo hicho. Yamebaki mawili. La kwanza, magunia yetu huenda yakawa na mchanganyiko. Mchimbaji mmoja amechimba mtandamboo siku nzima na mzizi mmoja wa msunguti ukaingia. Je, kipimo kitauona? La pili, Mtunza Vielelezo ameeleza majani na maua yanasema nini kuhusu *edulis* na *spinarum*. Jenomu ya kloroplasti ikisema vingine, tumwamini nani?

Mchambua Jenomu alijibu:

Kwa mchanganyiko, msiunge jenomu. Programu ya kuunganisha hudhani kwamba vipande vyote vimetoka kwenye mmea mmoja. Ukiipa vya mimea miwili inaweza kukuletea jenomu nzuri ya kutazama ambayo nusu yake ni mtandamboo na nusu ni msunguti, na hakuna mmea kama huo duniani. Zalisheni kile kipande kifupi kwa PCR, kisomeni mara elfu kadhaa katika sampuli moja, na mhesabu ni vipande vingapi vina alama za mtandamboo na vingapi vina alama za msunguti. Tahadhari ni kwamba hesabu hiyo si uzito. Mzizi mchanga na mzizi mzee havibebi plastidi sawa, na praima hupendelea upande mmoja, kwa hiyo asilimia 2 ya vipande haimaanishi asilimia 2 ya unga. Kwa mmea wenye sumu hata hivyo hamhitaji asilimia. Mnahitaji kujua upo au haupo. Pimeni pamoja na sampuli ya maji matupu iliyopita hatua zote kuanzia kutoa DNA, la sivyo vumbi la msunguti kutoka kwenye kinu chenu litawafanya mkatae magunia yasiyo na kosa.

Bado suala la gunia lenyewe. Kijiko kimoja cha unga uliochotwa juu hakiwakilishi kilo 50 za vipande vya mizizi. Chukueni sehemu mbalimbali za gunia, sageni pamoja, ndipo mtoe DNA. Hatua hii haina heshima ya mashine ya kusoma jenomu, lakini makosa mengi huanzia hapa.

Ningependekeza pia muwe na ITS2, kipande kifupi cha DNA ya kiini ambacho watafiti wa China walikipendekeza mwaka 2010 kuwa msimbopau wa mimea ya dawa. Ubaya wake kwa mizizi ni kwamba kuvu nao wanacho, na mzizi uliotoka udongoni haukosi kuvu, hivyo praima zisizochaguliwa vizuri zitawasomea ukungu badala ya mtandamboo. Uzuri wake utauona katika jibu la pili, ambalo ninamwachia mwenzangu aliyeniandikia pembeni kwamba anataka kulijibu.

Shina la Mdanzi alijibu:

Ninalijibu kwa sababu ninafanya kazi na miti ya jamii ya michungwa, na huko ndiko nilikojifunza kutoiamini kloroplasti inaposhuhudia peke yake.

Katika mimea mingi itoayo maua, kloroplasti hurithiwa kutoka kwa mama tu, kupitia yai. Chavua haileti yake. Chukueni limau. Uchunguzi wa jenomu umeonyesha kwamba limau ni chotara wa danzi, aliyekuwa mama, na furungu la *Citrus medica*, aliyekuwa baba. Na danzi nalo ni chotara ambaye mama yake ni balungi, yaani *Citrus maxima*, na baba yake ni chenza. Sasa someni jenomu ya kloroplasti ya limau, hata mara elfu moja. Itawaambia, bila kusitasita, kwamba limau ni wa ukoo wa balungi. *Citrus medica*, aliyechangia nusu ya jenomu ya kiini, haonekani popote. Hakuna kosa katika usomaji. Besi zote ni sahihi. Ni shahidi mmoja amesema kweli kuhusu upande mmoja wa familia.

Tena huhitaji chotara wa shambani ili hili likupate. Spishi mbili zinazoota pamoja zinaweza kuchanganyika vizazi vingi vilivyopita, kisha uzao ukarudi kuoana na upande wa baba mara nyingi hadi umbo lake likawa la baba kabisa, huku kloroplasti ikibaki ya ukoo wa mama. Wanabotania wameliona jambo hili katika mialoni na katika mikaratusi, ambako miti ya spishi tofauti inayokaa bonde moja inaweza kufanana kloroplasti kuliko miti ya spishi moja iliyo mabonde mawili. Na kurefusha mfuatano hakuponyi tatizo hili. Jenomu yote ya kloroplasti hurithiwa kama fungu moja, kwa hiyo jeni zake 80 hivi zinazotengeneza protini si mashahidi 80 wanaojitegemea. Zikikubaliana zote, mti wa nasaba utakuwa na namba za uthabiti zinazopendeza macho, na bado utakuwa ni mti wa kina mama tu.

Kwa hiyo kuhusu *edulis* na *spinarum*, kama mitandamboo ya Afrika itajitenga na ya Asia katika kloroplasti, hilo litawapa sababu ya kuuliza, si idhini ya kugawa spishi. Someni pia jeni za kiini. Ipo seti ya praobu, yaani vipande vya kuvulia jeni zinazotakiwa, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Bustani ya Kew ya Uingereza, inayonasa jeni 353 za kiini katika mmea wowote utoao maua, na mwaka 2024 ilitumika kuchapisha mti wa nasaba wa jenasi nyingi sana za mimea hiyo. Kloroplasti na kiini zikisema jambo moja, na umbo la kielelezo likaafiki, hapo pana neno. Zikihitilafiana, elezeni hitilafu hiyo katika andiko lenu badala ya kuchagua upande uliowapendeza.

Kwa lile la gunia, hofu yangu ni ndogo zaidi. Mtandamboo na msunguti ni jenasi mbili, na tofauti zitakazoonekana katika mitandamboo yote na misunguti yote mtakayoisoma zitawafaa hata mkiwa hamjaumaliza ubishi wa majina ndani ya *Carissa*.

Mtunza Vielelezo aliongeza:

Kwa upande wa majina, mpaka huo mjadala uishe, andikeni katika vyeti vyenu *Carissa spinarum*, na *Carissa edulis* ifuate kama jina linalohesabiwa kuwa sawa nalo, ili mnunuzi wa nje asidhani mmemletea mmea mwingine.

Na kabla ya kukusanya jani la kwanza, hakikisheni mna kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi husika, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, pamoja na kibali cha mamlaka inayosimamia eneo mtakalokusanyia. Ikiwa DNA itasomwa nje ya nchi, kibali cha kusafirisha ni kitu kingine, na makubaliano ya mgawanyo wa manufaa chini ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, yaandikwe mapema, yakiwataja wanakijiji waliowaonyesha miti. Mtakapofika huko, mwombeni mchimbaji mwenyewe awaonyeshe anavyotofautisha mzizi mbichi wa mtandamboo na wa msunguti kwa rangi ya ganda, harufu na utomvu, na muyaandike maelezo yake kwenye lebo ya kielelezo.